Oksimita ya kidole kwa mtu anayehema kwa wasiwasi: nyota tatu

Oksimita hii ya kidole, yaani kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, naipa nyota tatu kati ya tano. Zote tatu imezipata katika dakika ya kwanza ya matumizi. Mbili ilizokosa imezikosa kuanzia dakika ya pili. Naandika kwa kirefu kwa sababu maoni niliyosoma kabla ya kuinunua yalikuwa ya watu wenye maradhi ya mapafu, au wanaouguza wazazi wao. Tatizo langu mimi ni wasiwasi, na mtu wa wasiwasi anakitumia kifaa hiki kwa namna nyingine kabisa.

Kazi yangu ni ufundi cherehani. Sina pumu, sina presha, na moyo wangu umeshapimwa na waliosomea kazi hiyo wakauona mzima. Lakini hofu ikinishika, pumzi zinanitoka mkononi. Kwanza zinakuja miayo na kushusha pumzi kila baada ya muda mfupi, mpaka wateja wanadhani nimechoshwa na maneno yao. Kisha kifua kinaanza kupanda juu juu, mabega nayo yanapanda. Kisha nahema kwa mdomo. Midomo inachonyota, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinakufa ganzi. Mkono wa kulia ndio unaoniudhi kuliko vyote: kidole gumba kinajikunja kuelekea kiganjani, vile vinne vinanyooka na kubanana pamoja, na sindano inaanguka chini. Fundi asiyeweza kushika sindano ana haki ya kununua mashine.

Mashine yenyewe ni kibanio kidogo cha plastiki kinachotumia betri mbili nyembamba. Unaingiza kidole, unabonyeza kitufe kimoja, unasubiri kidogo. Kioo kinaonyesha namba mbili: ya juu ni asilimia ya oksijeni kwenye damu, ya chini ni mapigo ya moyo kwa dakika. Pembeni kuna mstari unaopanda na kushuka kufuata mapigo. Ukitoa kidole inajizima yenyewe, na hilo ni jambo jema kwa sisi wasahaulifu. Kijitabu cha maelekezo kimechapishwa kwa herufi ambazo hata mimi ninayetunga uzi kwenye tundu la sindano nilizisoma kwa taabu.

Inavyofanya kazi ni jambo la kuvutia. Upande mmoja wa kibanio kuna taa mbili, moja ya mwanga mwekundu na nyingine ya infraredi usioonekana kwa macho. Upande wa pili kuna kipokezi. Himoglobini, ile protini ya damu inayosafirisha oksijeni, ikiwa imeibeba na ikiwa haijaibeba hunyonya mianga hiyo miwili kwa viwango tofauti, na mashine hupiga hesabu kutokana na mwanga uliovuka kidole kila pigo la moyo linapopita. Wazo hilo ni la mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi, miaka ya 1970. Zamani lilikuwa limefungiwa vyumba vya upasuaji. Sasa liko kwenye mkoba wangu pamoja na chaki na futi.

Sasa ile dakika ya kwanza. Hofu imenishika, nahema, nina hakika hewa imeniishia. Nabana kidole. Mashine inawaza, kisha inaandika 99. Sijui nieleze vipi unafuu wa namba hiyo kwa mtu ambaye mwili wake wote unamwambia anakata roho. Nyota zote tatu ni za hapo. Ukiwa umeshachunguzwa na daktari, na umeambiwa mapafu na moyo ni salama, kuiona 99 katikati ya kuhema kunakata ule uongo mkubwa kwamba huna hewa. Hewa unayo. Umejaa oksijeni mpaka pomoni.

Lakini namba hiyo haielezi kwa nini vidole vimekufa ganzi, na kijitabu chenye herufi za siafu nacho hakisemi. Kwa hiyo nitasema mimi.

Damu ya mtu mzima mwenye mapafu salama hubeba oksijeni kwa asilimia 95 hadi 100 ya uwezo wake. Ukishafika 98 au 99 huna pa kuongeza, hata ukihema mpaka jioni. Kinachobadilika unapohema ni hewa ukaa, ile tunayoitoa. Shuleni tulifundishwa kuwa ni taka ya kutupwa nje, kengele ikagongwa, somo likaishia hapo. Kumbe mwili unahitaji kiasi chake kibaki, kwa kuwa ndicho kinachosaidia kuiweka damu katika kiwango sahihi cha tindikali. Kwenye damu itokayo moyoni kwenda mwilini, kipimo chake cha kawaida ni shinikizo la milimita 35 hadi 45 za zebaki. Mtu anayepumua kuliko mwili unavyohitaji huitoa haraka kuliko anavyoitengeneza, na ndani ya dakika chache tu kipimo kinaweza kushuka chini ya hapo. Tindikali ya damu inapungua, damu inaegemea upande wa alkali, na kuanzia hapo mengine yanafuatana.

Mishipa ya damu ya ubongo husinyaa hewa ukaa ikipungua: ndiyo kizunguzungu, ndiyo ukungu wa macho, ndiyo ile hali ya ajabu ya kujiona uko mbali na mwili wako mwenyewe. Kalsiamu iliyokuwa huru kwenye damu hunasa kwenye protini, neva zinakuwa nyepesi kushtuka, na hapo midomo inachonyota na kidole gumba changu kinajikunja. Tena kuna jambo alilolieleza Christian Bohr wa Denmark pamoja na wenzake mwaka 1904: hewa ukaa ikipungua, himoglobini huing'ang'ania oksijeni badala ya kuiachia kirahisi. Maumivu ya kifua mara nyingi ni ya misuli ya katikati ya mbavu, iliyofanyishwa kazi isiyo yake. Moyo kwenda mbio ni adrenalini, kemikali ambayo mwili huimwaga ukiogopa. Kila dalili ina sababu yake, na karibu zote zinatokana na kupumua kupita kiasi, wakati mwenye dalili anaamini anapumua pungufu. Kwa hiyo anaongeza. Na akiongeza, dalili zinazidi, na dalili zikizidi hofu inazidi. Mwanasaikolojia Mwingereza David Clark aliuandika mzunguko huo mwaka 1986: mtu anahisi kitu mwilini, anakitafsiri kuwa ni janga, tafsiri inaleta hofu, hofu inaongeza kile kitu.

Oksimita haioni lolote kati ya hayo. Haipimi hewa ukaa, na hii yangu haihesabu hata pumzi. Futi itakuambia kiuno cha mteja ni inchi ngapi. Haitakuambia kama gauni limemkaa. Mashine hii inajibu swali moja tu, la oksijeni, na kwa mtu wa wasiwasi hilo ndilo swali ambalo jibu lake lilikuwa linajulikana tangu mwanzo.

Sasa niende kwenye nyota zilizopotea.

Ya kwanza imepotea kwa sababu ya vidole baridi. Hofu husinyaza mishipa midogo ya vidoleni. Mikono inapoa, inatoa jasho, inatetemeka. Oksimita inahitaji damu inayotembea vizuri kidoleni na mkono uliotulia. Maana yake, saa ile unayoihitaji zaidi ndiyo saa inayoweza kukuonyesha namba ya hovyo. Mimi imewahi kuniandikia 91, na kwa mtu anayehema kwa hofu, 91 ni mafuta ya taa kwenye moto. Dawa ni kuutazama ule mstari wa pembeni kabla ya kuitazama namba. Mstari ukiwa unapanda na kushuka kwa mpangilio, namba ina maana. Ukiwa unarukaruka au umelala, sugua mikono, ishushe chini ya usawa wa moyo, subiri, pima kidole kingine. Rangi ya kucha ifutwe, hasa ile nyeusi na ya bluu. Haya yote yangeweza kuandikwa kwa sentensi tatu kwenye boksi. Hayajaandikwa.

Kuna jingine zito zaidi, na linatuhusu sisi wenye ngozi nyeusi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulilinganisha oksimita na vipimo vya damu halisi hospitalini. Ukakuta kwamba kwa wagonjwa weusi, upungufu wa oksijeni ambao mashine haikuuona ulitokea karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Yaani mashine inaweza kusoma juu kuliko ukweli. Kwa mtu mwenye mapafu mazima hilo halifuti unafuu wa 99, lakini linafuta kabisa wazo la kwamba namba nzuri inatosha kumbakiza nyumbani mtu mwenye dalili mbaya. Maneno hayo nilitaka kuyakuta kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu, kwa herufi kubwa.

Nyota ya pili imepotea kwa sababu ya mlio. Oksimita yangu imetoka kiwandani na king'ora kidogo kinacholia mapigo ya moyo yakipita kiwango fulani. Mfikirie aliyeketi akijitahidi kutulia, mapigo yako juu kwa sababu anaogopa, na mashine aliyoinunua imtulize inaanza kumpigia kelele. Aliyebuni hilo alikuwa anamwaza mgonjwa aliyelazwa na muuguzi aliye karibu yake. Unaweza kuuzima, lakini ni kwa kubonyeza na kushikilia kitufe kilekile kimoja kwa utaratibu ambao nimeshindwa kuukariri. Namba ya mapigo yenyewe nimeibandikia kipande cha utepe mweusi. Siihitaji. Moyo wa mtu aliyeogopa unakwenda mbio, na kuutazama ukienda mbio haujawahi kupunguza mwendo kwa sababu hiyo.

Halafu kuna hili ambalo sijui nilitolee nyota ngapi, kwa kuwa si kosa la kiwanda: iko tayari muda wote. Unafuu wa 99 ni mtamu, ila haudumu kinywani. Mtu anapima, anatulia, wasiwasi unanong'ona kwamba labda imebadilika, anapima tena. Kila mara unafuu unakuwa mfupi kidogo kuliko uliopita. Binti yangu, asiye na subira na mashine, alinikuta nimeikodolea macho akaniuliza, "Mama, ikishasema tisini na tisa unataka ikuambie nini tena?" Sikuwa na jibu, na nadhani hakuna mnunuzi mwenye jibu. Wataalamu wa afya ya akili wanalijua hili vizuri: kujihakikishia kila mara kunaufundisha ubongo kwamba kulikuwa na hatari iliyohitaji kuhakikishwa. Kwa hiyo kama unainunua kwa sababu kama yangu, tumia kanuni hii. Hofu ikianza, pima mara moja. Ukishaona namba, kitoe kidole, iache ijizime, iweke mahali pa kusimama na kutembea ili kuifikia. Kuanzia hapo kazi ni ya pumzi.

Na kwenye pumzi nina ugomvi na ushauri unaotolewa na kila mtu mwenye huruma. Mteja mmoja alinikuta ninahema akanishika bega: "Dada, vuta pumzi ndefu! Vuta tena! Vuta!" Alikuwa na nia njema kabisa. Ila mtu anayehema tayari amevuta kupita kiasi, na mapafu yake yamejaa kiasi kwamba kila anapovuta anahisi hapaingii kitu. Ukimwamrisha avute zaidi unamfukuzia hewa ukaa iliyobaki.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenifundisha alinigeuzia mambo kwa maneno machache. "Mama, usianze kwa kuvuta. Anza kwa kutoa." Unatoa pumzi taratibu kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama mtu anayepuliza mshumaa bila kutaka kuuzima, mpaka mabega yashuke yenyewe. Unatulia kidogo ukingoni, bila kujilazimisha. Kisha unaiacha hewa iingie kwa pua, kidogo tu, ikiinua mkono uliouweka juu ya kitovu, wakati mkono wa kifuani hautikisiki. Hiyo ni kazi ya kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mimi nahesabu nne kuvuta na sita kutoa, nikienda kwa mwendo wa sekunde, na hiyo inafanya pumzi sita kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo sita ni polepole sana. Ukishindwa, anza na mbili kuvuta na tatu kutoa, halafu refusha. Tena pumzi ziwe ndogo. Wengi wanapunguza kasi lakini kila pumzi wanaijaza kama puto, na ganzi haiondoki kwa sababu hewa ukaa bado inatoka kwa wingi uleule.

Utajisikia una kiu ya hewa. Ni kawaida. Ubongo uliozoea hewa ukaa kuwa chini unapiga kelele inapoanza kurudi mahali pake. Kiu hiyo haina hatari kwa mtu mzima wa afya, na inapungua ukiistahimili dakika kadhaa. Hakuna mashine iliyoniambia hivyo; ni yule mtaalamu, na bila maneno hayo ningeacha zoezi kila mara katikati.

Zoezi lifanywe pia siku za utulivu, maana mwili hauwezi kujifunza jambo jipya ukiwa unakimbizwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2023 jaribio ambalo watu walifanya mazoezi ya pumzi dakika tano kwa siku kwa muda wa mwezi mmoja. Waliokuwa wanarefusha kutoa pumzi, kwa mtindo wa kushusha pumzi kwa makusudi, waliboreka hisia zao kuliko wale waliofanya taamuli, yaani kutulia na kutafakari, peke yake. Dakika tano ni muda wa kupiga pindo la sketi. Mimi nafanya nikiwa kwenye cherehani, naimba kwa kufumba mdomo, kwa kuwa kuimba ni kutoa pumzi kwa muda mrefu bila kuhesabu chochote. Kutembea kunasaidia pia: misuli ikifanya kazi inatengeneza hewa ukaa, na pumzi yako ya haraka inapata kazi ya kufanya.

Mfuko wa karatasi, ule wa kwenye sinema, achana nao. Mantiki yake inaeleweka, kuirudishia damu hewa ukaa uliyoitoa, lakini oksijeni ndani ya mfuko inashuka haraka. Kama anayehema ana shambulio la moyo au pumu, na wewe umedhani ni wasiwasi, mfuko unaweza kumuua. Daktari Mmarekani Michael Callaham alionya juu ya hatari hiyo kwenye jarida la tiba ya dharura mwaka 1989, na mpaka leo mifuko bado inatolewa mikobani.

Nimejaribu pia programu za simu zenye duara linalovimba na kunywea ulifuate kwa pumzi. Ni nzuri kwa kujifunzia. Kwa saa ya hofu, zile zenye mwendo usiorekebishika zinaudhi, kwa kuwa duara linataka uende polepole kuliko unavyoweza, ukishindwa kulifuata unajiona umefeli mtihani. Zile zinazokutaka ushikilie pumzi kwa hesabu saba nimeziacha. Wengine zinawafaa; mimi nikishikilia kwa muda huo, pumzi inayofuata inakuwa ya pupa na kazi yote inaharibika.

Kifaa ambacho kingejibu swali sahihi kipo. Kinaitwa kapnomita, kinapima hewa ukaa kwenye pumzi unayotoa kupitia kimrija kidogo puani. Nchini Marekani, Alicia Meuret na wenzake walichapisha mwaka 2008 matokeo ya kuwafundisha watu wenye mashambulio ya hofu kwa kutumia kapnomita ya kubebeka: waliona namba yao wenyewe, wakajifunza kuipandisha kwa pumzi ndogo na za polepole, na mashambulio yakapungua. Ni mashine ya wataalamu, siyo ya mkobani. Ingekuwa ya mkobani ningeipa nyota zote tano, halafu binti yangu angelazimika kunifichia.

Na kabla ya mashine yoyote kuna karatasi. Yule mtaalamu alinipa dodoso lililotengenezwa Nijmegen, Uholanzi, lenye maswali 16: kizunguzungu, ganzi ya vidole, kubanwa kifua, mikono baridi na mengineyo, kila moja unalipa alama kuanzia 0 hadi 4 kulingana na linavyokutokea mara kwa mara. Juu kabisa ni 64, na zaidi ya 23 inampa mtaalamu sababu ya kuchunguza namna unavyopumua. Halitoi hukumu ya ugonjwa. Lakini kuyaona yote yale yaliyonisumbua yamepangwa kwenye ukurasa mmoja, yameshaandikwa na watu nisiowajua kwa ajili ya watu wengine nisiowajua, kulinituliza kwa muda mrefu kuliko 99 yoyote.

Nani anunue, basi? Mwenye ugonjwa wa mapafu au wa moyo ambaye daktari wake amemtaka ajipime, anunue bila kusita. Maoni yangu haya hayamhusu. Mwenye wasiwasi aliyekwisha kuchunguzwa, anayejijua kuwa anaweza kupima mara moja akaacha, itamfaa. Mwenye wasiwasi ambaye tayari anajipima joto, presha na mapigo asubuhi mpaka usiku, asiinunue. Aende moja kwa moja kwa mtu wa kumfundisha kupumua au kwa mwanasaikolojia.

Na yule ambaye pumzi zimempanda kwa mara ya kwanza maishani asijitibu kwa maandishi ya fundi cherehani. Kuhema haraka kunaletwa pia na nimonia, upungufu mkubwa wa damu, pumu, damu iliyoganda kwenye mapafu, na kisukari kilichopanda kupita kiasi. Shambulio la moyo na damu iliyoganda mapafuni vinaweza kuja na oksimita ikiwa inasoma vizuri tu. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya, midomo kugeuka rangi, sauti ya filimbi kifuani, homa, kukohoa damu, mguu mmoja uliovimba, kuzimia, kuchanganyikiwa: hospitali mara moja, namba iseme inavyotaka. Na namba ikiwa chini ya 92 huku vidole vina joto na mstari umetulia, hospitali pia, hata kama unajiona mzima.

Ukiamua kununua, tafuta yenye ule mstari wa mapigo, siyo namba tupu. Hakikisha mlio unazimika, na uuzime dukani mbele ya muuzaji akuonyeshe anavyobonyeza. Chagua inayoeleza wazi kwamba ni kifaa cha tiba kilichofanyiwa majaribio, kwa kuwa nyingine zimeandikwa kwa maandishi madogo kwamba ni za wanamichezo tu. Kidole cha mtoto kinahitaji ya kwake ndogo. Ya mtu mzima haikishiki vizuri. Betri zitoe kama hutaitumia kwa muda mrefu, zisije zikavuja. Na utepe mweusi wa kufunika namba ya mapigo hauuzwi nayo, utautafuta mwenyewe.